Shajara ya bagi la saa nane usiku

Jumanne, bamvua (maji makubwa) limepita siku nne

Naanza kuandika hapa maana nikiacha kichwani ntasahau, na hii kitu naiona itakuwa ndefu.

Kwa msiojua, nina kiprogramu changu cha simu kinaonyesha maji ya Tanga yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, nilikitengeneza kwa ajili ya mjomba wangu, ana ngalawa pale Sahare na maji yakishakupwa unakuta tope tupu, chombo hakiingii wala hakitoki mpaka yarudi. Hesabu zenyewe sifanyi mimi, ntamdanganya nani, natumia maktaba ya Python (Python ni lugha ya kuandikia programu, maktaba ni kazi iliyokwisha andikwa unayoiazima) ambayo watu wa nchi mbalimbali wanaiandika kwa kushirikiana, kodi yake iko wazi kila mtu anaisoma (kodi ya kompyuta jamani, yale maandishi ya programu, siyo ya nyumba, hiyo nyingine nadaiwa miezi miwili). Kazi yangu mi ni kuchora skrini na kuweka maneno ya Kiswahili.

Sasa leo nimeamshwa na simu, mjomba. Shikamoo, marahaba, halafu hapo hapo: "Mjomba, hicho kidude chako kimemlaza mtoto wa watu kwenye tope." Kumbe kijana wake wa kazi usiku alirudi na ngalawa akiamini simu, simu inasema maji yatakupwa saa nane na dakika kumi, yeye kakuta yameshaisha tangu saa saba na ushei, kakaa huko nje na samaki wake mpaka alfajiri. Nikajitetea, nikasema labda tunahesabu siku tofauti, maana wazee wa pwani wakisema usiku wa Jumanne ni ule wa kuamkia Jumanne, simu yenyewe inageuza siku saa sita usiku. Mjomba kacheka. "Mi nakwambia saa, we unaniambia siku."

Jumanne usiku

Nimechukua jedwali la maji lililochapishwa, nimekaa nalo na kahawa yangu na kashata pale barazani nalinganisha mstari kwa mstari na simu. Mchana wote sawa sawia. Jioni sawa. Zinazokosea ni zile zinazoangukia kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, na zote zinakosea kwa kitu kama dakika 40, 50.

Dakika 50. Hapo nikasimama kabisa. Maji yanachelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hiyo hata mtoto wa Sahare anaijua. Kwa hiyo simu haijakosea saa, imechukua maji ya kesho ikayabandika leo! Yaani mjomba kasema saa, mi nikasema siku, na kumbe ni siku kweli, ila sithubutu kumwambia.

Nikafungua kodi ya maktaba. Ndani mahesabu yote yanakwenda kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima, sisi huku tuko saa tatu mbele yake, maana yake kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa huku kwetu ni tarehe mpya lakini kwa UTC bado ni jana. Maktaba inachukua tarehe kwanza, ndo inageuza saa kuwa ya huku. Ilitakiwa igeuze kwanza ndo ichukue tarehe. Mistari miwili imepishana tu.

Na ndo maana sikuliona bagi, yaani hilo kosa la kwenye kodi, mwaka mzima. Linatokea siku kujaa au kupwa kunapoangukia kwenye yale masaa matatu, siku tatu nne linakuwepo, halafu maji yanasogea linapotea, halafu linarudi. Bagi la Kitanga kabisa, waja leo waondoka leo.

Nimeongeza saa 3 kabla tarehe haijachukuliwa, imefanya kazi, nalala.

Jumatano

Nikawaza hii nisikae nayo peke yangu, niwarudishie wenye mradi. Kabla ya kuandika chochote nikatafuta kwenye orodha yao ya isyu, yaani matatizo yaliyoripotiwa, maana kuleta isyu iliyokwisha letwa ni kuwapa watu kazi ya kuifunga tu. Na kweli nikaipata moja ya zamani, imefungwa. Mtu wa India (wao wako saa tano na nusu mbele) aliandika tarehe si sahihi, akaweka picha ya skrini, basi. Wakamuuliza toleo gani, mahali gani, tarehe gani, hakujibu, wakafunga wakaandika haiwezi kurudiwa. Siwalaumu. Picha ya skrini huwezi kuiendesha.

Nikafungua isyu mpya, nikaitaja ile ya zamani, nikaeleza kwa Kiingereza changu kile cha sentensi fupi fupi.

Jumatano baadaye

Aisee aibu. Msimamizi mmoja kajibu ndani ya saa moja, kajaribu, kasema kwake hakuna tatizo. Nikabisha. Akaniwekea alichofanya, nikasoma mara tatu ndo nikaona: niliandika "saa 8 usiku" kwa namba ya kwetu. Yeye kajaribu saa 20:00, saa mbili usiku, ambako kweli hakuna tatizo lolote. Miaka yote naishi na saa mbili kichwani, ya ukutani na ya mdomoni, na siku ya maana ndo nikachanganya.

Nikafuta nikaandika upya: tarehe kamili, 02:10+03:00, toleo la maktaba, toleo la Python, mfumo wa kompyuta, halafu kijikodi cha mistari 9 ambacho ukikinakili na kukiendesha kinatoa jibu baya hapo hapo, chini yake nikaweka nilichotegemea na nilichopata. Kile kijikodi ndo kimenichukua muda, mana mwanzo kilikuwa na skrini yangu yote ndani, nikawa natoa kitu naendesha, natoa naendesha, mpaka kilipobaki ambacho ukitoa chochote bagi linapotea. Dakika kumi baadaye jamaa karudi: amelipata. Akaniuliza kama naweza kuleta pachi, yaani marekebisho ya kodi, mwenyewe.

Naweza bana.

Ijumaa

Nisingesema naweza.

Nimefoki, yaani nimechukua nakala yangu ya mradi wao, nimefungua tawi la kufanyia kazi pembeni, nimebadilisha, nikaona hapo hapo kuna neno limeandikwa vibaya nikalirekebisha, kuna fankisheni (kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina) jina lake baya nikalibadilisha, kuna ujumbe wa kosa nikauongezea Kiswahili, nikatuma pul rikwesti, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yangu kwao, nikaenda kuswali nikiwa najiona. Narudi nakuta mistari 1,900 na zaidi imebadilika. Mi nimegusa labda 30!

Majibu ya msimamizi yalikuwa ya adabu ila mafupi, kwamba haoni nilichorekebisha kiko wapi, na faili zima linaonekana jipya. Nikajua kaniona mshamba. Kumbe laptopu yangu ya Windows inamaliza mistari kwa alama mbili, CRLF, wenyewe wanatumia moja, LF, na kiandikio changu kikihifadhi faili kinageuza mistari yote, kwa macho huoni kitu lakini Git, programu inayotunza historia ya kodi, inaona kila mstari ni mpya. Juu ya hapo kimejipangia nafasi upya kwa mtindo wake bila kuniuliza.

Nimwambie mtu asome mistari 1,900 kutafuta miwili? Nimefunga ile pul rikwesti mwenyewe, nimeomba radhi kwa sentensi moja, sikuandika hadithi.

Jumamosi

Pale kona kuna fundi baiskeli, nimepeleka gurudumu linayumba. Kakaza spoksi nne, kanirudishia. Nikamuuliza mbona breki hujaigusa na unaiona imelegea, kasema "hukuniletea breki, ukitaka nitaiangalia, useme." Nimecheka mwenyewe njia nzima mpaka Makorora, hakujua ananipa riviu, yaani anaikagua kazi yangu.

Basi nimerudi nikazima kule kujipanga kwa kiandikio, nikasoma faili lao la CONTRIBUTING (ambalo lilikuwepo siku zote, ukurasa mmoja tu, sikulisoma kwa sababu mi ndo mi), limeeleza mistari imalizwe vipi, testi (kodi za kujaribia kodi) zinaendeshwaje, tawi gani litumike. Nikaanza tawi jipya kutoka kwenye kodi yao ya leo, siyo ile niliyofoki jana. Halafu nimejifunza git add -p, inakuonyesha mabadiliko yako kipande kimoja kimoja inakuuliza hiki kiingie au kisiingie, ningeijua zamani ningeokoa vitu vingi. Lile neno lililokosewa limekwenda kwenye komiti yake (badiliko moja lililohifadhiwa na ujumbe wake) na pul rikwesti yake. Jina la fankisheni nimeliacha kama lilivyo, silipendi lakini si bagi, na kuna watu wanaliita kwenye programu zao, ukilibadilisha unawavunjia. Kiswahili nimekirudisha kwenye programu yangu.

Kabla ya kutuma nimesoma diff yangu mwenyewe (orodha ya mistari iliyobadilika) kama vile kaandika mtu nisiyempenda. Mistari 2 imebadilika. Nimetuma.

Jumapili

Umeme hamna tangu asubuhi, laptopu asilimia 11, bando nalo linaisha. Kuna alama nyekundu kwenye pul rikwesti, nimeona kwa simu tu. Nimekwenda kula mbaazi.

Jumatatu

Ile nyekundu: mashine yao inayoendesha testi zote kila mtu akituma kitu imekataa. Testi ya Halifax, Kanada, ilikuwa inapita, sasa inaanguka. Na msimamizi kaniuliza swali moja tu: kwa nini tatu?

Ndio. Kwa nini tatu. Kwa sababu niko Tanga! Nilihifadhi ile dawa yangu ya Jumanne usiku, nimeongeza saa 3 kwa nguvu, Tanga imepona Halifax imeumwa, wao wako nyuma ya UTC saa nne, na majira ya joto saa tatu kwa sababu wanasogeza saa zao. Sisi hatusogezi saa ndo maana akili haikunipeleka huko. Kwenye programu yangu ile tatu haimsumbui mtu, kwenye maktaba ya dunia nzima ni bagi jipya nimelileta kwa mkono wangu nikiwa nadai natibu la zamani.

Nimetoa tatu. Nimefanya kile nilichokiona tangu siku ya kwanza nikafanya uvivu: geuza saa kwanza kwa zoni ya saa aliyoitaja mtumiaji, ndo uchukue tarehe. Python yenyewe tangu toleo la 3.9 la 2020 ina zoneinfo ndani yake, kwenye Windows unaongeza tu kifurushi cha tzdata, Africa/Dar_es_Salaam unaipata, huhitaji kuhesabu vidole.

Jumatatu usiku

Swali jingine la msimamizi: lilianza lini? Kasema kama zamani ilikuwa sawa, inabidi tujue nani aliibadilisha na alikuwa anatafuta nini, tusije tukarudisha tatizo lake. Sikuwahi kufikiria hivo. Unaona mstari wa ajabu unaufuta tu, kumbe mwenzio aliuweka kwa sababu.

Nikajaribu toleo la miaka mitatu nyuma, sawa. La sasa, baya. Katikati komiti kama 500. Hapo ndo git bisect, unaiambia hapa pazima hapa pabovu, inakupeleka katikati, unaendesha kijikodi chako, unasema pazima au pabovu, inakata nusu tena. Komiti 500 nimemaliza kwa mara 9! Na kwa kuwa kijikodi changu kinajibu chenyewe ndio au hapana, ningeweza hata kuiachia bisect run iende yenyewe, nimejua baadaye.

Komiti yenyewe mkosaji ujumbe wake unasema "maboresho madogo". Basi. Maneno mawili. Nimekaa na jirani yangu wa Chumbageni ambaye naye anaandika kodi, nusu saa tunakisia, mwisho tukaona alikuwa anaharakisha: kugeuza saa mara moja kwa siku badala ya mara moja kwa kila jaa na kupwa. Sababu nzuri. Angeandika sentensi moja tu tungelala mapema.

Jumanne

Testi. Wanataka kila pachi ije na testi inayoanguka bila pachi na kupita ukiiweka, na wanataka uhakikishe kweli inaanguka. Mi ya kwanza nilitumia tarehe ya leo. Ikapita na pachi. Ikapita bila pachi pia! Kwa sababu leo kupwa hakuangukii yale masaa matatu, kumeshasogea. Ningetuma vile, ingekuwa testi inayolala siku nyingi na kuamka siku nyingine inamgombeza mtu asiyehusika.

Nimeweka tarehe ya kudumu, ile ya kijana wa tope. Halafu zoni tatu: Tanga, Halifax kwa walio nyuma, na Kathmandu (bahari haina, naitaka zoni yake tu) kwa sababu Nepal wako saa tano na dakika 45 mbele, hiyo robo tatu inakamata kila mtu anayedhani saa zinapishana kwa namba kamili. Na kwa ajili ya yule wa maboresho madogo nimepima kasi ya mwaka mzima kabla na baada, tofauti haionekani, nimeandika namba zenyewe kwenye maelezo.

Jumatano

Leo kutwa nimeandika maneno tu. Mstari wa juu wa komiti mfupi, watu wengi wanaweka kikomo karibu na herufi 50, mstari mtupu, halafu maelezo. Nimeandika kama ninamweleza mtu wa miaka mitatu ijayo ambaye ananichukia: tatizo linaonekanaje, linatoka wapi, komiti gani ilileta, kwa nini nimegeuza hapa na si pale, nini sikugusa. Mwisho namba ya isyu ili ikiingia isyu ijifunge. Sikuandika "nimegeuza mstari wa 212", hilo diff inasema yenyewe.

Wanataka pia mstari wa Signed-off-by, nikauliza hii sahihi ya nini, nikajibiwa ni utaratibu uliotoka kwenye Linux 2004, unathibitisha kwamba una haki ya kutoa hiyo kodi. git commit -s inaandika yenyewe. Sawa.

Nimetuma. Kijani zote.

Maji mafu (maji madogo)

Kimya. Siku ya kumi sasa. Hawa watu hawalipwi, wana kazi zao, na mi ndo nahitaji wao si wao mimi, kwa hiyo nanyamaza. Kijana mmoja kwenye pul rikwesti nyingine kaandika "mmefikia wapi??" mara nne kwa siku mbili, mpaka mi nikaona haya kwa niaba yake.

Kwa sasa programu yangu inatumia foki yangu, mjomba ameshapona, haraka haipo.

Bamvua lingine

Wiki mbili zimepita, nimeandika mstari mmoja wa kukumbusha, na kusema niko tayari kubadilisha chochote. Msimamizi mwingine kaja, sijawahi kumwona, na mambo matatu. Jina la kigezo libadilike lifanane na mengine: nimekubali. Testi zihamie faili jingine: nimekubali. La tatu alitaka tarehe ichukuliwe juu zaidi kabla ya kupanga orodha, hilo sikukubali, nikamwonyesha kwa mfano wa Kathmandu kwamba pale juu bado ni UTC na bagi linarudi. Nilikaa na lile jibu jioni nzima nikifuta maneno ya hasira mpaka kikabaki kijikodi na matokeo yake. Kajibu: uko sahihi. Nikamshukuru kwa mengine mawili.

Tawi lao limesogea katikati, nikaribesi, yaani nikaiweka kazi yangu juu ya kodi yao mpya, na kusukuma kwa --force-with-lease, siyo --force tupu, maana ile tupu inafuta hata alichoweka mwenzio bila wewe kujua. Nimeandika pia nini kimebadilika tangu riviu ya kwanza, asisome yote upya.

Alhamisi

IMEMEJIWA, pachi imeingia kwao. Alfajiri, nimeona kwa simu kabla ya kuswali. Na wamefungua tena ile isyu ya yule wa India wakaifunga upya, safari hii ikiwa imetibiwa.

Nilipokuwa nasoma kodi niliona kitu kingine kwenye maji ya mwisho wa mwaka, nimekifungulia isyu yake na kijikodi chake, sijakigusa. (Ingekuwa ni shimo la usalama nisingekiandika hadharani hivyo, kwa mambo hayo wana anwani ya siri kwenye faili la SECURITY.)

Jumamosi

Toleo jipya limetoka, nimeondoa foki yangu, programu imerudi kwenye maktaba ya kawaida. Nimekwenda Sahare mwenyewe na simu mbili, nikangoja mpaka saa saba na nusu usiku na mjomba, mbu wametula, maji yakakupwa pale pale simu iliposema, tofauti dakika tatu nne ambazo ni upepo.

Mjomba kaishika simu akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kasema herufi ndogo, bila miwani haoni kitu. Hilo ni la kwangu, si la maktaba. Nimeliandika kwenye orodha, Jumatatu ntaanza nalo.